Ukuta Hauingizwi Ndani

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliishia pale Bwana Shamte wa Newala alipoteremka Masasi kumtafuta fundi aliyeandika ubao wa mgahawa wa stendi. Kwa ambaye hakusoma nitarudia kwa kifupi, maana aibu ikirudiwa sana inazoeleka, na mimi sitaki kuizoea.

Mimi ni Mama Dominika, mkazi wa Lisekese, Masasi. Shule yangu ni darasa la nne la misheni, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Binti yangu Dominika alizaliwa na kipaji cha kuchora na kuandika, na alizaliwa na mkono wa kushoto.

Huo mkono niliufunga kwa kipande cha kanga akiwa na miaka minne. Niliupaka pilipili. Nilimfundisha kula kwa kulia, kupokea kwa kulia, kusalimia kwa kulia, akayaweza yote. Kuandika kwa kulia kukamshinda. Baba yake, marehemu Mwalimu Nikolao, aliniambia niuache mkono wa watu. Sikuuacha. Nilipochoka kuufunga nikaanza kuuficha.

Ndiyo miaka ya ruksa ya biashara ikaingia. Kila aliyekuwa na vijisenti alifungua kitu: duka, baa, mashine ya kusaga, na kila kitu kilitaka jina juu yake. Mbao zikaanza kuletwa nyumbani kwangu. Dominika anaingia nazo chumbani, mlango unafungwa, anaandika kwa kushoto akianzia herufi ya mwisho kurudi kwenye ya kwanza, ili mkono usipite juu ya rangi mbichi. Mimi ndiye ninayetoa ubao nje na kumkabidhi mwenyewe. Masasi nzima iliiona kazi. Mkono hakuna aliyeuona.

Sasa Bwana Shamte yeye hakuja na ubao. Alikuja na ukuta.

*

Alikaa kwenye kigoda changu, akakataa uji, akakubali maji. Akasema amejenga duka kubwa Newala, karibu na soko. Ukuta wake wa mbele unatazama barabara, na anataka uandikwe SHAMTE NA WANAWE. Chini yake zichorwe bidhaa zote: baiskeli, cherehani, redio, magunia ya korosho. Na juu ya mlango iandikwe Bismillahi, kwa herufi za Kiarabu, Mwalimu Husseni wa madrasa atatoa mfano kwenye karatasi.

Nikamwambia sisi ni Wakristo. Akasema brashi haina dini, yeye anataka kazi safi.

Nilikuwa nimeanza kufurahi. Ndipo akaongeza neno moja.

"Na mimi nitaweka kiti changu pale pale nimtazame. Napenda sana kumtazama mtu anayejua kazi yake."

Wasomaji, ubao unaingizwa ndani. Ukuta hauingizwi ndani. Nikaona barabara ya Newala, nikaona watu wa soko, nikaona mwanangu amesimama mbele yao na mkono ule, anaandika jina la Mungu la watu wa dini nyingine.

Akauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?"

Dominika alikuwa anakuja na maji. Alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Nikasema, "Fundi ni mtoto wa marehemu kaka yangu, anaitwa Reginald. Huyu binti ni wa kumshikia makopo."

Dominika alimpa mgeni maji, kwa mkono wa kulia, akapiga goti kama nilivyomlea. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alipoinuka hakunitazama.

*

Huyo Reginald nimjulishe kwenu. Alikuwa anauza mitumba sokoni Masasi. Maneno yake yalikuwa na mafuta. Alikuwa na uwezo wa kukuuzia koti la baridi saa sita mchana mwezi wa Novemba. Brashi hajawahi kuishika ila ya viatu.

Nilimwita nikampangia. Yeye atasimama mbele, ataongea na Bwana Shamte. Litafungwa turubai mbele ya ukuta, waambiwe fundi hataki vumbi. Dominika ataandika nyuma ya turubai. Siku ya kumaliza, kazi ikishapendwa, ndipo tutasema nani aliifanya. Nilijidanganya hivi: kitu kikishapendwa, mkono uliokitengeneza unasamehewa.

Reginald akasema, "Shangazi, hiyo ni ndogo." Kweli, kwake ilikuwa ndogo.

Dominika alikataa siku mbili. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa sijawahi kumwona akikataa kitu. Alisema amechoka kuandika kama mwizi. Alisema mtu akisifia ubao barabarani yeye hujificha, kama vile ameudondosha yeye kutoka juu ya mti ukamwumiza mtu. Mimi nikamwambia asiwe na maneno mengi, kazi kubwa kama ile haiji mara mbili.

Mwisho akakubali kwa sharti moja. "Siku ya kumaliza, aseme mama. Asiseme Reginald. Wewe, kwa mdomo wako, mbele ya Bwana Shamte."

Nikaapa. Nikaapa kwa kaburi la baba yake. Wasomaji, msiape kwa makaburi kama hamjajua mdomo wenu una uzito gani.

*

Tukapanda Newala kwa lori la wanunuzi wa korosho, watu watatu, makopo manane na turubai. Bwana Shamte alitupa chumba cha uani. Mkewe, Mama Sultani, alitupokea kwa utani, maana sisi Wamakua na wao Wamakonde tuna ya kwetu. Aliponiona na ndoo siku ya kwanza akasema, "Wamakua mna makusudi. Mmeacha visima vyenu huko chini mkapanda juu kuja kutumalizia maji ya tangi." Nikamjibu kwamba tumekuja kuwafundisha kuoga. Tukacheka. Siku hiyo nilidhani mambo yatakuwa mepesi.

Siku tano kazi ilikwenda. Bwana Shamte, Reginald akiwa amemlainisha kwa maneno, kiti chake anakiweka nje ya turubai, anasikia brashi tu. Reginald anatoka na kuingia. Akitoka anakuwa amejipaka rangi vidoleni, anajifuta jasho ambalo halipo, anaomba chai. Anamweleza Bwana Shamte jinsi rangi nyekundu inavyotaka subira. Mimi nachota maji, napika kisamvu, nachungulia watoto wasifunue turubai.

Siku ya nne Dominika aliandika Bismillahi. Niliingia na uji nikamkuta juu ya ngazi anacheka peke yake. Karatasi ya Mwalimu Husseni ameibandika kwa unga wa muhogo, na herufi zimekwishafika nusu, zinang'aa.

Akaniambia, "Mama, haya maandishi yanakwenda ninakokwenda mimi. Sikuhitaji kuanzia mwisho."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mkono wake kukubaliana na maandishi. Mzazi mwenye akili angesema nini? Angesema nimeona, mwanangu, ni mazuri. Mimi nilimwambia, "Fanya haraka, mtu asije akachungulia."

Akaacha kucheka. Akamaliza.

*

Alhamisi asubuhi turubai likashushwa.

Sitawaelezea ukuta wote. Mzee mmoja alisimama akauliza baiskeli ile ni shilingi ngapi, alipoambiwa ni rangi akakasirika, akasema wamemtania. Basi mjue ilikuwaje. Watu walijaa mpaka barabara ikaziba. Bwana Shamte alimkumbatia Reginald, akamshika mkono, ule wa kulia, akauinua juu watu wauone.

"Mkono huu," akasema, "una baraka."

Dominika alikuwa kando, ameshika kopo.

Akatokea mtu wa kampuni ya wanunuzi wa korosho. Akasema wana maghala manne, mawili hapo Newala na mawili Tandahimba, yote yanataka kuandikwa kabla ya msimu kufunguliwa, na anamtaka fundi huyo huyo. Hapo hapo Bwana Shamte akasema fundi wa namna hii harudi Masasi. Kile chumba cha mwisho cha duka, chenye dirisha la kutazama soko, anampa akifanye karakana yake, akae hapo, kazi zimfuate.

Chumba chenye dirisha la kutazama soko. Mwanangu alikuwa amekaa miaka mitatu akiandika katika chumba ambacho dirisha lake nilikuwa nimelitundikia gunia.

Dominika akanitazama. Alikuwa anangojea.

Mdomo nikaufungua. Nikaona watu. Nikaona kofia za watu wazima, nikaona maandishi yale juu ya mlango. Nikasema, "Tunashukuru sana, Bwana Shamte."

Ndiyo niliyoyasema. Yaandikeni mahali.

Watu walipopungua nikaona chini kabisa ya ukuta, kwenye pembe, pameandikwa REGI SANAA MASASI. Herufi zimelala kama watu waliotoka kunywa pombe ya uraka. Reginald alikuwa ameziandika alfajiri ile, kwa mkono wake wenye baraka.

*

Nilimkuta Dominika chumbani anafunga brashi kwenye kitambaa. Halii. Angelia ningejua la kufanya.

Akanipa ule mzigo. "Mpe Reginald. Yeye ndiye fundi."

Nikamwambia tutatafuta namna. Akasema hakuna namna, yeye anarudi Lisekese kulima, na ubao hataandika tena, wala jina la mtu kwenye daftari. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaburi la baba liko Lisekese. Nitapalilia mimi. Wewe usiende."

Hasira iliyonishika hapo sikujua niielekeze wapi. Nilimchukia Reginald, nikamchukia Bwana Shamte na kiti chake, nikawachukia wote waliotuambia kwamba Mungu aliumba mkono mmoja wa chakula na mwingine wa aibu. Nilijichukia na mimi, lakini hilo nililiweka mwisho, kama kawaida ya watu.

Nikaenda kwa Bwana Shamte alipotoka kuswali alasiri. Nikamwambia ukuta ule ni kazi ya Dominika, mwanzo mpaka mwisho. Reginald hajui hata kufungua kopo.

Bwana Shamte alinisikiliza, akacheka kwa upole.

"Mama Dominika, nilikuja kwako Masasi. Nilikaa kwenye kigoda chako. Nani aliniambia binti anashika makopo?"

Nikasema ni mimi.

"Nani aliniambia fundi ni Reginald?"

Nikasema ni mimi.

"Basi sasa fundi amepata chumba, na wewe umekumbuka una binti."

Mnaona? Nilikuwa nimempiga mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa nilitaka mdomo huo huo uaminiwe.

Akamwita Reginald. Reginald akaja anatafuna muwa, akasikiliza shauri lote bila kubadilika uso. Kisha akanigeukia kwa heshima kubwa.

"Shangazi, kama ni ukweli basi tumpe Bwana ukweli wote. Mweleze na habari ya Bismillahi."

"Bismillahi ina nini?" Bwana Shamte akauliza.

Reginald akanitazama. Alikuwa ananipima. Nikasema haina kitu. Akatabasamu, akaendelea na muwa wake.

Lakini Bwana Shamte si mtu wa kulala na shaka. Akasema kesho, Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mbao mbili zitawekwa mbele ya duka. Reginald aandike jina SHAMTE, na Dominika aandike jina SHAMTE. Ukuta upo, kila mwenye macho atalinganisha. Atakayefanana na ukuta, chumba ni chake na maghala ni yake.

*

Niliporudi na habari hiyo Dominika akacheka. Akaufungua ule mzigo wa brashi. Akaanza kuzichambua moja moja, akatoa mbili, akaziosha kwa mafuta ya taa.

"Kesho nitaandika mbele ya watu," akasema. Alisema kama mtu anayetaja jina la mji ambao hajawahi kufika.

Ningenyamaza hapo, hadithi hii ingekuwa imekwisha na nisingekuwa nawasumbua kila wiki.

Nikamwambia, "Tumia wa kulia."

Akadhani hakusikia vizuri. Nikamweleza. Watu watakuwa wametoka kuswali. Jina la mtu mzima, mwenye heshima zake, liandikwe kwa kushoto mbele ya wenzake? Na wakishauona mkono watauliza Bismillahi iliandikwa kwa upi. Watatupiga mawe. Herufi sita tu, mwanangu. Nenda polepole.

Akauliza, "Nikishindwa utasema?"

Nikamwambia hutashindwa.

"Sikuuliza hilo."

Nikasema nitasema. Nilikuwa nimekwishaapa kwa kaburi na nikakaa kimya, sasa naahidi bure bure, na yeye bado akanikubalia. Watoto wetu hutuvumilia kuliko tunavyostahili. Akasema, "Haya, mama."

*

Ijumaa ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya turubai, maana habari ya mashindano ilikuwa imekwishazunguka. Bwana Shamte kwenye kiti chake. Mwalimu Husseni wa madrasa, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, amekaa karibu naye. Mama Sultani na wanawake wa uani wamesimama kwenye kivuli cha ukuta.

Reginald akaanza. Alichafua vizuri. Jina SHAMTE likatoka limelala, ndugu kabisa wa yale maandishi ya REGI pembeni mwa ukuta. Watu wakaguna. Yeye akawageukia akasema fundi hawezi kupimwa kama ng'ombe mnadani, mkono umechoka kwa siku tano, na hata hivyo huo ni mtindo mpya wa Dar. Baadhi wakacheka, wakamwamini. Mwongo mwenye sauti ana watu wake siku zote.

Zamu ya Dominika. Akasogea. Akachovya brashi. Akaishika kwa kulia.

S ikatoka kama mnyoo. Rangi ikachuruzika. H ikakosa mguu. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Mmoja akasema kwa Kimakonde jambo lililowafanya wanawake wazibe mdomo. Mwingine akasema afadhali arudishiwe kopo lake alilolizoea.

Aliyecheka kuliko wote ni Reginald. Alipiga makofi. Akasema, "Binamu, pole pole, usije ukaumia."

Dominika aliendelea. Hilo ndilo lililoniua. Aliendelea na A, kichwa ameinamisha, kwa sababu nilimwambia herufi sita.

Nikasikia mtu anasema, "Dominika, badilisha mkono."

Ilikuwa ni mimi. Kicheko kikapungua. Dominika hakugeuka.

"Mama, ulisema."

"Nilisema vibaya. Badilisha mkono. Huo mwingine ndio ulioandika ukuta huu, na mimi ndiye niliyeuficha. Niliufunga na kanga, nikaupaka pilipili, nikamwongopea Bwana Shamte kwenye kigoda changu mwenyewe. Sasa nimechoka. Badilisha."

Kisha akageuza ubao upande wa pili, ambao haujaguswa. Akahamisha brashi.

Akaanzia E. Watu wakanong'ona kwamba huyu binti amechanganyikiwa, anaanza na mkia. Ikaja T. Ikaja M, miguu yake imesimama kama nguzo. Hapo minong'ono ikakatika. A, kisha H. Alipofika kwenye S hakuna aliyekuwa anapumua, na ile S ilikuwa ndiyo ile ile ya ukutani, shingo ile ile, tumbo lile lile.

Akaweka brashi juu ya kopo. Ndipo kwa mara ya kwanza akageuka akawatazama watu usoni, mmoja mmoja, bila haraka. Sikuwa nimewahi kumwona mwanangu amesimama wima. Nilidhani ni mfupi.

Mama Sultani akapiga kigelegele kimoja. Wanawake wakamfuata.

Lakini Bwana Shamte hakuwa anatazama ubao. Alikuwa ameinua macho, polepole, mpaka juu ya mlango wa duka lake. Na watu wakafuata macho yake. Vigelegele vikafa.

Reginald hakukosa nafasi. "Bismillahi ya mkono wa kushoto, ndiyo niliyokuwa namficha Bwana asije akakasirika," akasema. "Mzigo nilijitwisha mimi."

Nilimwambia maneno ambayo gazeti hili halitayachapa. Nilimwambia atoke mbele ya macho yangu kabla sijamzaa upya. Akarudi nyuma hatua mbili, lakini sumu alikuwa ameshaimwaga.

Bwana Shamte akamwuliza Mwalimu Husseni kimya kimya. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama juu ya mlango.

"Mimi nilitoa karatasi," akasema. "Sioni kosa katika herufi."

"Sikuuliza herufi, Mwalimu."

"Basi hilo ulilouliza jibu lake sitalisema barabarani kwa haraka. Nimefundisha watoto miaka thelathini. Wa mkono huo niliwachapa kama walimu wengine. Hakuna hata mmoja ambaye fimbo ilimbadilisha, na hakuna hata mmoja ambaye ilimfaa."

Watu wakaguna, wengine hivi, wengine vile. Bwana Shamte sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Nilimwona anapigana na nafsi yake. Alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa pia mtu wa duka, na wateja wake wote walikuwa wamesimama pale wanamtazama atasema nini.

Akasimama.

"Binti, nimeona. Ukuta ni wako, na mtu asibishe tena. Chumba ni chako. Mtu wa maghala yuko hapa, naye ameona." Watu wakaanza tena kupiga makofi, akawanyamazisha kwa kiganja. "Ila mji huu ni wa maneno. Kesho wenzangu wa sokoni watasema Shamte amefungua duka kwa mkono wa chooni. Ngazi ile pale. Utapanda ufute yale ya juu ya mlango, uyaandike upya kwa mkono wa kulia, mbele ya hawa hawa. Ukimaliza, ufunguo huu hapa."

Akautoa mfukoni, akaketi, akauweka juu ya goti lake.

Nikamtazama mwanangu. Ule mkono wa kulia watu wote walikuwa wameuona unavyoandika. Yeye mwenyewe Bwana Shamte alikuwa ameuona. Nikataka kumwambia kubali, jaribu, labda utaweza. Mdomo wangu, wasomaji, hata hapo ulikuwa bado unataka kusema kubali.

Dominika akachukua brashi, kwa kushoto, mbele yao wote. Akaichovya. Akaenda mpaka kwenye ngazi. Nikasema moyoni, Mungu wangu, anapanda.

Hakupanda. Akageuka akanijia. Watu wakampisha. Akasimama mbele yangu, rangi inadondoka kati yetu.

"Baba," akamwambia Bwana Shamte, macho yake yakiwa kwangu, "mimi kwa mkono wa kulia sitaandika tena, wala jina la Mungu wala jina la mtu. Chumba nakitaka, na nakitaka kwa mkono nilio nao. Lakini kama lazima apande mtu wa kulia, yupo. Aliyeutaka mkono huo miaka yote ni mama. Apande yeye."

Akanipa brashi.

Mimi Kiarabu sijui hata nukta. Ubao sijawahi kuandika. Nikatafuta uso wa kunisaidia, nikaona Mama Sultani ameinamisha kichwa, nikaona Reginald ameanza kutabasamu tena, nikaona Mwalimu Husseni ameinuka kwenye kiti chake anakwenda kushika ngazi isiteleze, kwa ajili yangu au kwa ajili ya kunizuia, sikujua.

Bwana Shamte akasema, "Haya, Mama Dominika. Tunakungoja wewe."

Nikakaza kanga kiunoni. Nikaweka mguu kwenye kipago cha kwanza cha ngazi.